Maikrofoni Gani Mbele ya Amplifaya? Mwongozo kwa Anayerekodi Gitaa Pemba

Kabla hujatoa pesa mfukoni, jua hili: maikrofoni ukiisogeza sentimita tatu tu mbele ya spika ya gitaa, sauti huweza kubadilika zaidi kuliko ukienda kununua nyingine ya bei mara tano. Mwenye studio ndogo Chake Chake au Wete asiyelijua hilo atabadilisha maiki kila msimu wa karafuu, na gitaa lake litabaki vilevile, jembamba na lenye kukwaruza masikio. Kwa hiyo mwongozo huu unazilinganisha maikrofoni, lakini utakurudisha kila mara kwenye mambo mawili: umeiweka wapi, na umeisikilizaje.

Anza na muziki wenyewe

Mashauri mengi yanayozunguka duniani kuhusu kurekodi amplifaya yametoka kwa watu wa roki. Kwao gitaa ndilo linalobeba wimbo, na wanataka lipasue katikati ya ngoma na besi lifike mbele. Kwetu mambo hayako hivyo. Ng'ambo ya mkondo wa Pemba, pale Tanga, vikundi vya Black Star na Lucky Star vilipiga taarab kwa magitaa ya umeme na besi tangu miaka ya 1960 na 1970. Ukizisikiliza nyimbo alizoimba Shakila na vikundi hivyo utaona jinsi gitaa linavyojua adabu: linajibu, linajaza pengo, kisha linampisha mwimbaji. Taarab ya kisasa iliyoshika kasi miaka ya 1990 ikaleta kinanda cha umeme, na kinanda kina tabia ya kula nafasi yote. Gitaa limebakiwa na uchochoro.

Ufasaha wa maneno ya mwimbaji na ukali wa fidla hukaa zaidi kati ya hezi 2,000 na 5,000. Maikrofoni inayoinua eneo hilo, hata iwe tamu kiasi gani ukiisikiliza peke yake, inaweza kukugombanisha na mwimbaji. Na msikilizaji wa taarab kilichomleta ni maneno. Fumbo lisiposikika vizuri, hakuna atakayeinuka kwenda kutunza.

Ukirekodi dansi hesabu inageuka. Gitaa la solo likishafika kwenye sebene ndilo mwimbaji, na hapo ule ukali unautaka. Kwa hiyo anayekuuliza maikrofoni gani ni bora kwa gitaa, mrudishie swali: gitaa la wimbo gani?

Chumba, bati na umeme

Vyumba vyetu vingi ni kuta za matofali ya saruji, sakafu ya saruji na paa la bati. Amplifaya ikikaa sakafuni kwenye pembe, besi hujirundika na kuvuma, na hakuna maikrofoni itakayokuokoa. Inyanyue juu ya kiti au kreti ya soda, itoe kwenye pembe, tandika mkeka na jamvi chini, ning'iniza blanketi kwenye ukuta ulio karibu. Godoro la sufi lililosimamishwa wima linafanya kazi nzuri kuliko sponji nyembamba zenye vinundu wanazouziwa vijana wa studio, kwa sababu unene ndio unaomeza sauti nzito.

Ratiba ya kurekodi Pemba hupangwa kwa adhana na kwa mawingu. Masika ya Machi hadi Mei, mvua ikianza kulipiga bati, weka vyombo chini. Maiki iliyosogezwa karibu kabisa na amplifaya inaweza kuficha manyunyu, mvua yenyewe haiifichi. Baada ya isha ndipo pana utulivu wa kweli, pangaboi ukilizima na madirisha yakifungwa. Ramadhani hakuna kazi ya gitaa. Uchukue kuwa mwezi wa kutengeneza waya.

Umeme wetu tangu mwaka 2010 unatoka Tanga kwa waya uliolazwa chini ya bahari; kabla ya hapo kisiwa kilitegemea mitambo ya dizeli. Ni umeme wa volti 230 na hezi 50, na mvumo wake ndio utakaousikia ukiwasha amplifaya kabla nyuzi hazijaguswa. Mvumo huo mara nyingi huingilia kwenye pikapu za gitaa, si kwenye maikrofoni. Mwambie mpigaji azunguke polepole kwenye kiti chake huku gitaa likiwa limefunguliwa. Kuna upande mmoja ambao mvumo unapungua, na hapo ndipo atakapokaa. Simu zote zizimwe au zitolewe nje, maana zile kelele za did-did-did kabla simu haijaita hupenya mpaka kwenye wimbo. Na asitokee fundi wa kukushauri ukate ethi ya plagi ili mvumo uondoke. Mpigaji ameshika nyuzi za chuma kwa vidole vyote. Ethi ndiyo inayomlinda.

Dainamiki: farasi wa kazi

Maikrofoni ya dainamiki ina kiwambo chembamba kilichobandikwa koili ya waya, na koili hiyo inaelea ndani ya sumaku. Sauti ikikisukuma kiwambo, koili hucheza na umeme mdogo huzaliwa. Haihitaji umeme wa kutoka nje, haiogopi sauti kubwa, na unyevu hauisumbui sana. Sifa hizo tatu zinatosha kuifanya chaguo la kwanza kisiwani.

Inayojulikana kuliko zote ni Shure SM57, iliyotoka mwaka 1965. Moyo wake, unaoitwa Unidyne III, ulibuniwa na mhandisi wa Shure, Ernie Seeler. Inasikia kuanzia hezi 40 hadi 15,000, na ina mwinuko kwenye hezi 5,000 na 6,000 hivi. Mtu aliyezoea matangazo ya biashara atasema 15,000 ni kidogo, mbona nyingine zinafika 20,000? Lakini spika ya gitaa ya inchi 12 yenyewe, ikishapita hezi 5,000, huporomoka haraka. Huko juu hakuna muziki wa kuuchukua. Mwinuko wa SM57 unaangukia pale pale spika inapoanza kuchoka, ndiyo maana wawili hawa wameelewana kwa miaka mingi hivi.

Sasa, jambo ambalo wengi hawalitumii. Ndugu yake, SM58, ilitoka mwaka uliofuata, 1966, ikiwa na moyo wa ukoo huohuo. Tofauti kubwa ni lile dude la waya la mviringo lililokaa juu, ambalo limewekwa ili kuzuia pumzi za mwimbaji. Maiki za umbo hilo zimejaa Pemba: kwenye harusi, kwenye maulidi, kwenye mikutano ya siasa. Huenda unayo kabatini sasa hivi. Iweke mbele ya amplifaya kama ilivyo, na utapata sauti iliyo laini kidogo kuliko ya SM57, kwa sababu lile dude linaiweka mbali na kitambaa cha spika. Ukilifungua likatoka, tofauti kati ya hizo mbili inakuwa ndogo sana. Ila ujue umeuacha uchi moyo wa maiki. Usiuguse kwa kidole, na usifanye hivyo kwa maiki ya kukodi.

Kuna Sennheiser e 609 na e 906, bapa kama kipande cha sabuni, zinazosikia kwa ubavu na si kwa ncha. Uzuri wake kwa mtu mwenye vifaa vichache ni kwamba unaweza kuining'iniza kwa waya wake mwenyewe mbele ya amplifaya bila stendi, uso wake ukitazama spika. Soma maandishi upande wa mbele kabla hujarekodi wimbo mzima kwa kisogo. Ile e 906 ina swichi ya hatua tatu: angavu, kawaida na ya giza. Kwa taarab anzia kwenye giza.

Nyingine ni Sennheiser MD 421, ya tangu mwaka 1960. Ina kiwambo kikubwa zaidi, inabeba sauti nzito vizuri, na ina pete ya hatua tano ya kupunguza besi. Bei yake ni mara kadhaa ya SM57. Lakini mashine hii inarekodi gitaa asubuhi, amplifaya ya besi mchana na dumbak jioni. Kikundi kinachonunua kifaa kimoja cha kutumiwa na wote kiifikirie sana.

Utepe, ninaoupendelea kwa taarab

Ndani ya maikrofoni ya utepe hamna kiwambo wala koili. Kuna karatasi nyembamba ya alumini iliyoning'inizwa katikati ya sumaku. Kwenye Royer R-121, iliyotoka mwaka 1998 na kupendwa haraka na warekodi wa magitaa, utepe huo una unene wa mikroni 2.5. Unywele wa binadamu una mikroni 70 hivi.

Sauti ya juu hushuka taratibu bila ule mwinuko wa SM57, na katikati hunenepa. Mtu akiisikia mara ya kwanza peke yake huona kama kuna kitambaa kimefunika. Iweke ndani ya wimbo, pamoja na fidla, kinanda na sauti ya mwimbaji, na ndipo utakapoelewa: gitaa linasikika lote, wala halijamkanyaga mtu. Kwa gitaa la taarab sijaona aina inayoishinda.

Utepe husikia mbele na nyuma kwa kiwango kimoja, na ubavuni hausikii karibu kitu. Hapo pana faida na hasara. Hasara ni kwamba ukuta wa saruji ulio nyuma yake utaingia kwenye rekodi. Lile godoro la sufi lisimamishe hapo, nyuma ya maiki. Faida ni kubwa kwa kikundi kinachopenda kupiga pamoja chumba kimoja, kama taarab inavyotaka. Mgeuzie mpiga dumbak ubavu wa maiki, na dumbak itapungua kwenye rekodi ya gitaa kuliko ambavyo dainamiki ingeweza kuipunguza.

Tahadhari zake ni nyingi. Usiipulizie. Huu mtindo wetu wa kujaribu maiki kwa kuipuliza na kuigonga, fuu, fuu, moja mbili, ukiufanya kwenye utepe umeshaunyoosha, na utepe ulionyooka haurudi. Izime volti 48 kwenye kadi ya sauti kabla ya kuchomeka. Waya mzima hauleti shida, lakini waya wenye hitilafu unaweza kuupeleka umeme huo mpaka kwenye utepe. Usiiweke chini ya pangaboi. Isimame wima inapohifadhiwa. Iweke umbali wa sentimita 15 au 20 kutoka kwenye spika, maana ikikaribia zaidi besi huvimba mno. Na sauti itoayo ni ndogo, hivyo kadi ya sauti ya bei rahisi italazimika kupandishwa sana na kuanza kuvuma. Amplifaya ikiwa inapigwa kwa nguvu tatizo hilo hupungua.

Bei ya R-121 inanunua SM57 zaidi ya kumi. Ziko za utepe za bei nafuu, nyingi kutoka China. Haziko sawa na Royer, lakini tabia ya familia unaisikia.

Kondensa nitaipitia haraka. Ndizo maiki za heshima: Neumann U 87 ya mwaka 1967, AKG C414, na nyingine nyingi za bei ya chini. Zinataka volti 48, zinasikia mpaka hezi 20,000, na kwa sauti ya mwimbaji au udi hazina mpinzani. Mbele ya amplifaya hapa kwetu sioni haja yake. Zinachukua ule mchirizo wa juu wa spika ambao hakuna aliyeuomba, zinachukua bati, zinachukua vyura wa nje baada ya mvua. Kama ndiyo pekee uliyonayo, isogeze nyuma nusu mita au mita nzima, washa swichi ya kupunguza desibeli 10, na chumba kiwe kimefunikwa vizuri.

Tafuta mahali kwanza

Chukua tochi ya simu, imulike kwenye kitambaa cha amplifaya. Utaiona koni ya karatasi, na katikati yake kofia ndogo ya mviringo. Kofia hiyo ndiyo dira yako. Maikrofoni ikitazama katikati ya kofia, sauti ni kali na yenye makucha. Ukiisogeza kuelekea ukingo wa kofia, ukali unapungua. Ikifika nje, kwenye karatasi yenyewe, sauti inakuwa nzito na ya giza. Safari yote hiyo kwenye spika ya inchi 12 ni ya sentimita chache.

Ikiwa amplifaya ina spika mbili, zisikilize zote. Ni nadra sana kuwa sawa, hasa kama moja iliwahi kubadilishwa.

Anza sentimita 3 hadi 5 kutoka kwenye kitambaa, maiki ikitazama ukingo wa kofia. Mvalishe mpigaji hedifoni zilizofunika masikio vizuri, mwambie apige kipande kimoja kifupi bila kubadilisha, kisha msaidizi aisogeze maiki polepole kutoka katikati kwenda nje.

"Maalim, piga ileile ya mwanzo."

"Naipiga. Mbona sasa gitaa limekuwa kama redio ya betri?"

"Nasogeza. Sikiliza."

"Endelea... endelea... hapo! Usiguse!"

Hapo weka alama ya tepu kwenye kitambaa na sakafuni, piga picha ya simu ikiwa na rula kando ya maiki. Mpigaji akirudi wiki ijayo kumalizia, usianze kubahatisha upya. Ukirudi nyuma, besi hupungua; ukisogea mbele, huongezeka. Hilo ni tabia ya maiki zote zinazosikia upande mmoja, na ni bora kuliko kitufe chochote cha miksa.

Kulinganisha bila kujidanganya

Sasa ndipo ulinganishe. Kanuni ya kwanza ni kwamba mlio uliorekodiwa uwe mmoja. Mpigaji hawezi kurudia kipande mara mbili kwa nguvu ileile ya kidole, hata awe bingwa. Kwa hiyo funga maiki mbili pamoja, nyoyo zake zikigusana karibu, zote zikitazama sehemu moja ya spika, na zirekodi kwa wakati mmoja kwenye chaneli mbili. Ukiwa na tatu, chagua moja iwe kipimo, kisha uilinganishe na kila moja ya zilizobaki. Mwenye kifaa cha kurudisha rekodi kwenye amplifaya ana njia nzuri zaidi: anarekodi gitaa moja kwa moja kutoka kwenye jeki, kisha anaipigisha amplifaya rekodi hiyohiyo mara nyingi atakavyo, akibadilisha maiki.

Rekodi kwa biti 24, na vilele vya sauti visipite desibeli -12 hivi kwenye programu. Nafasi ipo ya kutosha. Hamna sababu ya kuzisogelea taa nyekundu.

Kanuni ya pili ndiyo inayovunjwa zaidi. Sawazisha ukubwa wa sauti kabla ya kuhukumu. Sikio la binadamu likipewa vitu viwili vilivyo sawa, kimoja kikiwa na desibeli moja tu zaidi, litasema hicho ndicho kizuri. Maiki nyingi zimeuzwa kwa hila hiyo, na muuzaji mwenyewe wala hakujua kuwa anafanya hila. Teremsha ile yenye nguvu mpaka zilingane, kwa mita na kwa sikio.

Ya tatu: usiyaone majina. Mwambie mwenzako azipange rekodi kwa herufi A, B na C bila kukwambia ni zipi, kisha andika maoni yako kwenye karatasi kabla ya kuuliza. Ukiijua bei, sikio linaheshimu bei.

Ya nne ni ya kwetu hasa: sikiliza ndani ya wimbo. Gitaa peke yake lina utamu wa uongo. Kila anayelisikiliza hivyo huchagua maiki yenye besi nyingi na ukali mwingi, na vyote viwili atakuja kuvikata baadaye besi na mwimbaji wakiingia. Weka wimbo mzima, badilisha A kwa B huku mwimbaji anaendelea, na ujiulize maneno yalisikika vizuri wakati gani. Fanya hivyo kwa hedifoni, kisha kwa spika ndogo, kisha kwa simu, na ukiweza kwa redio ya daladala ya Chake na Wete injini ikiwa inanguruma, maana huko ndiko wimbo wako utakakoishi. Usizitume kwa rafiki kama ujumbe wa sauti wa WhatsApp ukategemea hukumu yake. Sauti hubanwa njiani, na ya juu ndiyo inayoumia kwanza. Zitume kama faili.

Maiki mbili kwa gitaa moja

Wengi, wakishapata dainamiki na utepe, hutaka kuzitumia pamoja: moja ilete ukali, nyingine ilete mwili. Ni njia nzuri, ila ina mtego. Sauti ikifika kwenye maiki mbili kwa nyakati tofauti, baadhi ya masafa hufutana. Tofauti ya umbali wa sentimita 17 hivi inatosha kuifuta sehemu ya hezi 1,000, mahali penyewe panapobeba gitaa, na utabaki na sauti ya bati tupu.

Dawa yake ni rahisi. Geuza fezi ya chaneli moja kwenye programu, cheza zote mbili kwa ukubwa uliolingana, na msaidizi asogeze maiki moja mbele na nyuma kidogo kidogo. Tafuta mahali ambapo sauti ni nyembamba na mbaya kuliko kote. Ukipapata, irudishe fezi kama ilivyokuwa. Maiki zako sasa zimekutana, na sauti itanenepa papo hapo. Fundi anayefanya hivi kwa dakika tano hushinda anayehangaika saa nzima na vifungo vya miksa.

Chumvi, unyevu na bandia

Hewa yetu inakula vyuma. Pini za waya zikianza kupauka na kufanya kutu, sauti hukatika katikati ya wimbo mzuri kuliko yote. Zifute kwa kitambaa kikavu kila baada ya kazi. Maiki, hasa kondensa, zikae kwenye ndoo ya plastiki yenye mfuniko wa kubana, pamoja na vile vijipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu na redio. Kondensa iliyoingia unyevu hutoa mchakacho kama mafuta yanayokaanga. Ikianza hivyo, itoe kazini, ikaushe polepole mahali pakavu, usiianike juani. Utepe uukinge zaidi na vumbi la chuma. Sumaku yake huvuta chembe hizo mpaka ndani, kwa hiyo usiuweke karibu na karakana ya kuchomelea milango.

Kuhusu kununua, jihadhari na SM57 na SM58 za bandia, ambazo zimeenea dunia nzima na bila shaka zimeshafika hapa. Zile nzuri za kughushi zina boksi, mfuko, stika na kila kitu. Kipimo kimoja unachoweza kukifanya dukani ni mzani: SM57 halisi ina gramu 284, na nyingi za bandia ni nyepesi kwa sababu hazina transfoma ndani. Kipimo cha pili ni kulinganisha kwa njia niliyoieleza, ukiwa na halisi ya mtu unayemwamini. Bei ikiwa nusu ya inayoulizwa kwingine, jibu umeshalipata. Hata hivyo bandia si lazima itupwe. Ikiwa umeinunua kwa bei yake ya bandia na inatoa sauti unayoipenda pembezoni mwa koni, irekodi. Usilipe tu bei ya halisi.

Ukitaka hukumu yangu kwa kifupi: mwenye pesa ya maiki moja anunue SM57 halisi, au atumie SM58 aliyonayo mpaka atakapoweza. Mwenye kurekodi taarab akipata pesa ya pili, anunue ya utepe kabla ya kuwaza kondensa kwa ajili ya gitaa. Wa dansi anunue MD 421. Na kabla ya hiyo ya pili, nunua stendi nzito isiyoteremka yenyewe katikati ya kazi, waya mbili nzuri, na tepu ya kuweka alama.